Tawi la Uani Halikumaliza Msitu

Desemba iliyopita mpwa wangu alishuka basi la Nairobi pale Rongo akiwa na mkoba mgongoni na katoni ndefu kifuani. Mkoba aliniachia nimbebee. Katoni hakukubali mtu aiguse. Tulipofika nyumbani aliifungua mbele ya watoto, akatoa vipande vitatu vya chuma vilivyovikwa nyuzi za plastiki ya kijani, akavichomeka kimoja juu ya kingine, kisha akaanza kukunjua matawi moja moja. Baada ya nusu saa mti ulikuwa umesimama sebuleni, kimo cha mtoto wa miaka minane, majani yake yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta.

"Mjomba," akaniambia, "sasa hatukati miti tena. Huu unatunza mazingira, na utakaa miaka na miaka."

Watoto walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu mgeni hapokewi kwa mabishano. Lakini neno lile nimelisikia mara nyingi mno. Nimelisikia kwa walimu wakiwaeleza wanafunzi kabla ya kufunga shule, nimelisikia redioni, nimelisikia kwa mhubiri, na nimelisikia kwa watu wenye nia njema kabisa: kwamba anayekata tawi la msaipresi kwa ajili ya Krismasi ni adui wa misitu, na anayenunua mti wa plastiki ni rafiki yake. Hapa kwetu, Migori na Homa Bay, jambo hili limeshakubaliwa hivi kwamba mtu anayelikana huonekana hajasoma. Mimi nalikana. Nasema ni kosa tangu mzizi hadi kilele, na nasema linaidhuru ile ile linayodai kuitetea, yaani miti.

Tuanze na shtaka lenyewe. Mtu akishtakiwa kumaliza msitu, tuonyeshwe kisiki. Ukitoka Migori mjini kuelekea Kuria, au ukipita Uriri ukaingia vijijini, utakutana na vibanda virefu visivyo na madirisha, kuta za udongo, bati juu, na tundu chini la kutilia kuni. Humo ndimo hukaushwa tumbaku. Jani likishatundikwa, moto hauruhusiwi kuzimika kwa takriban wiki nzima, usiku na mchana, na mwenye zao hulala pale pale akichochea. Nikiwa mvulana nilimsaidia jirani yetu kukesha na moto huo. Mikokoteni ya ng'ombe ilileta magogo alasiri, na kufikia alfajiri rundo lilikuwa limeshuka hadi magotini. Hiyo ilikuwa zamu moja, ya kibanda kimoja, na kila mlima uliotuzunguka ulikuwa na moshi wake. Miti iliyoingia katika matundu yale ilikuwa mizima, mingine minene kuliko kiuno cha mtu, na mingi ilikuwa ya asili, isiyopandwa na yeyote na isiyorudishiwa na yeyote. Katika miaka yote hiyo sikusikia mahubiri hata moja juu ya kuni za tumbaku. Mahubiri yalikuja Desemba, juu ya tawi.

Tumbaku haiko peke yake. Kule Macalder na Osiri wachimbaji wa dhahabu huegemeza kuta za mashimo kwa magogo, la sivyo ardhi huwafunika. Magunia ya makaa husimama kando ya barabara za Nyatike na Gwassi yakisubiri lori. Kando ya ziwa, mbuta akishatolewa minofu, mifupa yake, ule mgongo wazi tunaoujua wote, hukaangwa kwa kuni. Tanuri za matofali ziko kila kata, na nyumba ninamoandikia maneno haya imejengwa kwa matofali ya kuchomwa, kwa hiyo sijitoi. Vilima vya Wire vilivyo juu ya Oyugis havikubaki na kipara kwa sababu watoto walitundika baluni kwenye tawi. Wanaokata wanatafuta chakula na karo, na wengi wangeacha kesho wakipata njia nyingine. Huko Migori wapo wakulima waliokwisha kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma, katika mradi unaoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, FAO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mkulima mmoja akihama kutoka tumbaku kwenda maharagwe, ameokoa miti ambayo mimi na wewe hatutaikata kwa ajili ya Krismasi hata tukiishi maisha mia.

Hesabu ya misitu ya taifa iliyotolewa 2021 ilionyesha kwamba misitu inafunika asilimia 8.83 ya Kenya, na miti ya kila aina, pamoja na ya mashambani, asilimia 12.13. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023, na katikati ya hayo, Desemba 2022, ikazinduliwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko tukapande. Katika mashauri yote hayo palizungumzwa mito inayokauka, mbao zinazoibwa na mashamba yanayoingia msituni. Mti wa sikukuu haukuwa mshtakiwa. Umefanywa mshtakiwa na sisi wenyewe, kwa sababu ni mdogo na hauna wakili, na kwa sababu kuukemea hakumgharimu mtu chochote.

Kosa la pili ni la kuchanganya tawi na mti. Baba yangu alizungusha boma letu ua wa saipresi kabla sijazaliwa. Wanaojua ua wa namna hiyo wanajua kwamba haukai bila kupogolewa. Ukiuacha miaka mitatu, unakuwa msitu wa nguzo, chini wazi, mbuzi wanapita. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka panga lilinolewa, na mara ya pili ilikuwa daima katikati ya Desemba, kabla wageni hawajaanza kufika. Baba alipita juu, sisi tulipita ubavuni. Alitufundisha jambo moja ambalo wengi hawalijui hadi wameua mti: msaipresi hauchipui kutoka kwenye kuni tupu. Ukikata penye majani mabichi, utajaza pengo. Ukiingia ndani mpaka kwenye ubao wa kahawia usio na jani, pengo hilo litabaki mpaka mti ufe. "Kata penye kijani," alikuwa akisema, na mkono wa mtoto aliyevuka mpaka ulipata kofi.

Jioni palikuwa na rundo la matawi refu kuliko sisi. Humo ndimo mti wetu wa Krismasi ulimotoka. Tulilipekua rundo lile tukigombana, huyu akitaka tawi nene, yule akitaka lenye ncha iliyonyooka, mpaka mama akaja kuamua. Vidole vilinata utomvu siku nzima na harufu yake haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Tawi lililoshinda lilisimikwa ndani ya kopo la Kimbo la kilo mbili, likajazwa mawe ya mtoni na udongo wenye maji, likafungwa kamba kwenye chuma cha dirisha lisianguke. Kisha pamba. Mama mdogo alikuwa akilima pamba kule Kendu Bay, na baada ya magunia yake kwenda kiwandani kuchambuliwa, yale masalio yenye mbegu na takataka aliyahifadhi kwenye mfuko na kutuletea. Tulikaa mkekani tukichambua mbegu kwa kucha, moja moja, mpaka tupate viganja vichache vya weupe. Theluji hatujawahi kuiona. Tulichokuwa tunatundika ni pamba ya Kendu, na tulijua jasho la nani limeilima. Tukaongeza karatasi ya fedha iliyotoka ndani ya pakiti za sigara, vifuniko vya soda vilivyotobolewa kwa msumari, na kadi za Krismasi zilizoning'inizwa kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu katika yote hayo hakuna mti uliokufa. Matawi mengine yalikauka yakawashia moto wa chapati. Tawi la sebuleni liliyafuata baada ya Mwaka Mpya, na likawaka vizuri kuliko yote. Ndiyo, tawi kavu la saipresi hushika moto upesi, na nyumba yenye koroboi lazima iliweke mbali. Sisi tulikuwa na koroboi, na tuliliweka mbali.

Sasa tuje kwenye hilo dude la katoni. Mti wa plastiki umetengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, juu ya mifupa ya chuma. Karibu yote inayouzwa kwetu imetoka China, na mapambo yake mengi hutoka jiji moja tu, Yiwu, ambalo limeifanya Krismasi ya dunia kuwa kazi yake. Imevuka bahari hadi Mombasa, imepanda lori hadi Nairobi, na imepanda basi hadi Rongo. Shirika la Uingereza liitwalo Carbon Trust lilipiga hesabu ya hewa chafu: mti bandia wa urefu wa mita 2 unabeba takriban kilo 40 za kaboni, na mti halisi wa kimo hicho, ukichomwa au kusagwa baada ya sikukuu, kilo 3.5. Kwa hesabu hiyo mti bandia lazima utumike zaidi ya Krismasi 10 ndipo ulingane na ule halisi. Na huo halisi wa Uingereza umelimwa shambani kama zao na kusafirishwa kwa gari hadi mjini. Wetu husafiri hatua hamsini, begani mwa mtoto.

Krismasi kumi. Niambie, katika nyumba zetu zenye panya darini, joto la bati, na watoto kumi na wanne waliokuja likizo, ni mti upi utafikisha kumi? Wa mpwa wangu ulipoteza mguu mmoja kabla ya Mwaka Mpya. Nyuzi zake nilizifagia Januari nzima, na nyingine nikaziona kwenye kinyesi cha kuku.

Na ukishavunjika unakwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo wanaousifu hawaliulizi kamwe, kwa sababu walikojifunza kuusifu kuna gari la taka. Kijijini hakuna gari la taka. Kuna shimo nyuma ya jikoni, na shimo likijaa huwashwa moto. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na kifua, na hutoa sumu ziitwazo dayoksini, na moshi huo hupita pale pale mama anapopepeta mahindi. Kisichoungua husombwa na mvua hadi mtoni, na mito yetu yote, Migori, Kuja na Awach, ina njia moja tu, ziwani. Watafiti waliochunguza samaki walionunuliwa katika soko la Mwanza walikuta vipande vidogo vya plastiki ndani ya mbuta na sato, samaki mmoja kati ya kila watano. Ni ziwa lile lile. Samaki hawana pasipoti. Sisemi vipande hivyo vilitoka kwenye miti ya Krismasi. Nasema ziwa linalolisha Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru halina nafasi ya plastiki nyingine yoyote, hata iliyotiwa rangi ya kijani.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya faini inayofika shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Tulinung'unika, kisha tukazoea, na leo mama mboga wa Awendo anakufungia nyanya kwenye mfuko wa kitambaa bila neno. Tuliukataa mfuko mwepesi kwa jina la mazingira. Kwa jina lilo hilo sasa tunaambiwa tulipe shilingi elfu kadhaa kwa kilo tatu za plastiki tuziweke sebuleni. Haiwezekani yote mawili yawe kweli.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye moshi wala kwenye kilo za kaboni. Iko kwenye ua wenyewe. Mwanadamu hutunza kinachomfaa, na hukiacha kife kinapokoma kumfaa. Mwaka 1990 aliingia Kenya mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa saipresi, chawa wa miti aliyekuwa ameonekana Malawi mwaka 1986, na baada ya muda nyua nyingi zikageuka rangi ya kutu na kukauka. Ua wetu ulipoteza karibu upande mzima wa magharibi. Baba angeweza kuung'oa wote akamaliza. Badala yake alinunua miche akajaza mapengo, na alipoulizwa kwa nini, alitaja sababu zake kwa vidole: unazuia upepo wa ziwani usiangushe migomba, unatoa fito, unaanikiwa nguo, unatoa kuni za kuwashia, na watoto wanataka mti wao Desemba. Nakumbuka alivyotaja hiyo ya mwisho. Haikuwa sababu kubwa kuliko nyingine, lakini ilikuwa sababu, na ua husimama kwa sababu zake.

Tazama zilivyopukutika. Upepo, tumejenga nyumba ya matofali. Fito, tunanunua chuma. Nguo, kuna kamba. Kuni, gesi imefika Rongo. Kisha ikaja katoni ikaondoa ya mwisho. Baba alipofariki, ndugu zangu walipendekeza ua uuzwe kwa wapasua mbao na mahali pake pawekwe seng'enge na nguzo za saruji, nami sikupinga, jambo ninalolijutia hadi leo. Wakati msumeno unalia, binti mdogo wa kaka yangu aliuliza mti wa Krismasi tutautoa wapi. Akajibiwa: "Tutanunua." Hivyo ndivyo mti wa plastiki unavyotunza mazingira. Mtoto mmoja alikuwa na sababu ya kuusemea ua, na sababu hiyo ikafungwa mdomo kwa neno moja.

Nchi hii imekuwa ya nyua tangu zamani. Thimlich Ohinga, kule Nyatike, ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji takriban miaka mia tano iliyopita, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia. Baada ya mawe wazee walizungusha miji yao kwa ojuok, ule mmea wenye utomvu mweupe unaopofusha. Kisha ukaja msaipresi. Kila kizazi kilizunguka nyumba yake kwa kitu ambacho ardhi yenyewe imekitoa. Sisi ndio wa kwanza kuweka seng'enge, na sisi ndio wa kwanza kuwaambia watoto kwamba mti unatunzwa kwa kutoguswa. Mti unatunzwa kwa kuguswa, kwa kupogolewa, kwa kupekuliwa, kwa kugombaniwa. Mtoto ambaye hajawahi kunata utomvu vidoleni hataupigania mti wowote atakapokuwa mkubwa.

Wapo wanaonipinga kutoka upande wa pili. Hao husema halisi na bandia yote ni upotovu, kwa kuwa mti wa Krismasi ni wa Wazungu, na Yeremia, sura ya 10, ameukataza. Nimewasikia hasa katika Homa Bay, ambako Waadventista wana mizizi tangu 1906, Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland walipoanzisha misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay. Bibi yangu mzaa mama alibatizwa huko, na ninawaheshimu sana. Lakini isomeni sura hiyo mpaka mwisho. Mti anaousema nabii unachongwa na fundi, unavikwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usianguke, na kisha unaogopwa. Ni sanamu ya kuabudiwa. Mimi sijamwona mtoto wa Kasipul akilisujudia tawi. Na Mwadventista anayetaka neno la mtu mkubwa katika kanisa lake na amtafute Ellen White, aliyeandika katika gazeti la kanisa mnamo Desemba 1879 kwamba itakuwa vyema makanisa yasimamishe mti wa Krismasi na waumini watundike humo sadaka za kujengea nyumba za ibada. Bibi yangu alipokuja kulijua hilo, akiwa mzee wa miaka themanini, aliagiza aletewe tawi.

Kuhusu ugeni, ni kweli, msaipresi tunaoupanda asili yake ni Mexico na nchi za jirani yake. Huko huko ndiko yalikotoka mahindi. Hakuna anayeukataa ugali kwa sababu ya Mexico. Mti kuwa ishara nyumbani hakukuletwa na mmisionari hata kidogo. Wajaluo waliweka osuri, kijiti kilichochomoza juu kabisa ya paa, na mpita njia aliyekitazama alijua mwenye boma yu hai. Na Jumapili ya Matawi, kote katika Dayosisi ya Homa Bay, iliyoundwa 1993 na kuzijumuisha kaunti hizi zetu mbili, waumini huandamana wakipunga makuti ya mkindu yaliyokatwa asubuhi hiyo. Sijasikia paroko akiwaambia waumini wanunue makuti ya plastiki ili kuokoa mikindu. Kila mtu anaelewa kwamba jani lililo hai ndilo lenye maana, na kwamba mkindu utatoa jingine. Kwa nini uelewa huo upotee ikifika Desemba?

Nakubali mambo mawili. La kwanza, msaipresi haupendi kila mahali. Unanawiri Rongo, Kuria, na juu ya vilima vya Gwassi. Chini kando ya ziwa, kwenye joto la Mbita na Sindo, huteseka. Basi mwenye kuishi huko asiutafute. Mama mdogo wa Kendu Bay hakuwahi kuwa na saipresi. Alichukua tawi kavu la siala lililokuwa limeanguka lenyewe, akalipaka chokaa, akalisimika kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Hadi leo sijaona mti wa Krismasi mzuri kuliko ule. Siala ukiukata unachipua tena, na kila boma la Mjaluo linao au lilikuwa nao. Mwarobaini nao upo tele kuanzia Mbita hadi Homa Bay mjini. Mti wa Krismasi ni mti ulio karibu na mlango wako.

La pili, si kila mtu ana ua. Mwenye chumba kimoja cha kupanga mjini, katika mitaa kama Oruba au Sofia, hana pa kupogoa, na akienda usiku kukata ncha ya mche wa shule au wa jirani, huyo ni mwizi na ameua mti kweli, kwa sababu msaipresi mchanga uliokatwa kichwa haurudi kuwa mti ulionyooka. Wale wanaokwenda na panga katika msitu wa serikali bila kibali nao siwatetei. Mwenye chumba cha kupanga na anunue tawi kwa mtu anayepogoa ua wake. Nimewaona vijana wawili pale Rongo, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, wameegemeza matawi kwenye ukuta wa duka, na nilipowauliza wameyatoa wapi, walitaja boma na jina la mzee aliyewaajiri kupogoa. Ile ni biashara safi. Shilingi mia inayobaki kwa kijana wa Rongo inampa mzee yule sababu ya kutoung'oa ua wake. Shilingi elfu tatu za katoni hazimpi mzee yeyote wa Migori sababu ya kupanda kitu.

Na aliyekwisha nunua wa plastiki? Asiutupe. Akiutupa amefanya baya mara mbili. Autumie mpaka usimame kwa kamba, aufunge mguu kwa waya, aurithishe kama sufuria, lakini asinunue wa pili. Ndivyo nilivyokubaliana na mpwa wangu tulipozungumza kwa kirefu mwezi wa nane, watoto hawapo. Hakunikubalia yote. Alisema Nairobi anakoishi, ghorofa ya nne, hana ua wala jirani mwenye ua, na hilo nililipokea. Nilimwambia basi mti wake na ubaki Nairobi, na huku nyumbani tufanye tulivyofanya. Akaniuliza, "Kwa ua upi, Mjomba?"

Swali hilo lilinikalia kooni, kwa sababu tulikuwa na miti sitini na zaidi, na iliyobaki ni minne, ile ya karibu na kaburi la baba ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Mche wa saipresi kwenye kitalu cha hapa kwetu unauzwa kwa pesa isiyofika bei ya soda. Mvua ya vuli ilipolainisha udongo, mimi na watoto wa kaka yangu tulichimba mashimo arobaini upande wa barabara, hatua moja kati ya shimo na shimo, ndani ya seng'enge. Miche iko chini ya kivuli cha mwembe. Inamwagiliwa jioni, na inamsubiri mpwa wangu ashuke basi.